Hodi Kijitoni

Liko swali ambalo wengi wetu hulipita haraka, nami naona lafaa kukaliwa: je, ni haki kumzuia mtu asiende kutazama maji yanayotiririka? Sisemi maji ya kunywa. Hayo yana hukumu yake, na kila dini na kila kabila limekwisha kuitoa. Nasema maji ya kutazama, ya kukaa kando yake, kutia miguu na kunyamaza. Anayeyatazama hayapunguzi. Huja, hukaa, huondoka. Nani basi ana mamlaka ya kumwambia: leo hapana, rudi Oktoba?

Ninacho kijito maalumu akilini, kwa kuwa swali la namna hii likiachwa hewani hugeuka mchezo wa maneno. Kinaitwa Fossil Creek. Kiko katika jimbo la Arizona, Marekani, baina ya mji mdogo wa Camp Verde na kijiji cha Strawberry, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka Phoenix ninakokaa. Msomaji asiyeifahamu Arizona na afikirie nchi ya mawe na miiba, ambako mito mingi iliyochorwa kwenye ramani ukiifikia huiona ni mchanga mtupu. Ndani ya nchi hiyo, chini ya korongo, chemchemi hububujisha maji kiasi cha lita 75,000 kila dakika, usiku na mchana, na joto lake halipandi wala halishuki sana, nyuzi 21 hivi majira yote. Maji hayo yamebeba chokaa. Yakitoka ardhini na kukutana na hewa, chokaa huganda juu ya majani, vijiti na mizizi, ikajenga kuta ndogondogo, na nyuma ya kila ukuta kukawa na kidimbwi cha rangi ya samawati. Wazungu wa mwanzo waliofika hapo waliona vijiti vilivyovikwa chokaa wakadhani ni mabaki ya kale yaliyogeuka mawe. Ndiyo asili ya jina lenyewe, jina la kukosea ambalo limekwisha kuzoeleka.

Kwa karibu miaka 100 kijito hiki hakikuwa kijito. Mwaka 1909 ulikamilika mtambo wa umeme wa Childs, na mwaka 1916 ukafuata wa Irving, na maji karibu yote yakakingwa kwa bwawa yakapitishwa kwenye mifereji na mabomba hadi kwenye mitambo hiyo. Umeme ulikwenda migodini, baadaye mijini. Katika korongo palibaki mchirizi. Halafu likatokea jambo ambalo halitokei mara nyingi duniani: wenye mitambo walikubali kuizima. Tarehe 18 Juni 2005 maji yalirudishwa njiani mwake. Kabla ya hapo, mwaka 2004, wataalamu walikuwa wamewakamata samaki wa asili ya pale, wakawaweka kando salama, wakawaua kwa dawa samaki wa kigeni waliokuwa wakiwala, kisha wakawarudisha wenyeji majini. Mwaka 2009 sheria ya nchi ikakitia kijito katika orodha ya mito inayolindwa isizibwe wala isiharibiwe. Katika Arizona yote ni miwili tu iliyomo katika orodha hiyo, huo na Mto Verde unaoupokea.

Yaliyofuata mtu yeyote angeweza kuyabashiri. Phoenix ni mji wa mamilioni ya watu, na wakati wa joto hupita nyuzi 43 siku kwa siku. Habari za maji ya samawati zikaenea, watu wakamiminika. Walikuja makumi ya maelfu kwa msimu mmoja, magari yakajipanga kando ya barabara ya vumbi hata gari la wagonjwa lisiweze kupita, na takataka zikabaki majini na vichakani, pamoja na uchafu ambao sina haja ya kuutaja. Kuta za chokaa, ambazo maji yanazijenga polepole, zilikanyagwa. Watu waliishiwa nguvu kwa jua wakaokolewa kwa taabu. Ndipo mwaka 2016 Idara ya Misitu ikaweka utaratibu wa vibali: siku hizi, kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 1 Oktoba haingii mtu bila kibali kilichochukuliwa mapema kwa intaneti, cha siku moja, gari moja na mahali maalumu pa kuegesha. Nje ya miezi hiyo kibali hakihitajiki. Mwaka 2021 moto mkubwa ulipita katika milima ile, na eneo likafungwa kabisa kwa muda mrefu, kwa kuwa milima iliyoungua haishiki maji na mvua ndogo tu huleta mafuriko. Likaja kufunguliwa sehemu kwa sehemu. Kwa hiyo anayepanga safari huanza kwa kuuliza, sio kwa kufunga mizigo.

Sasa nieleze kwa nini swali hili limenishika mimi. Shangazi yangu amekuja kututembelea kutoka Pemba. Amefika mwishoni mwa Mei na ataondoka kabla Septemba haijaisha, yaani safari yake yote imeingia ndani ya miezi ya vibali. Ana umri mkubwa, na hatuna hakika kama atakuja tena. Wiki ya kwanza alikaa kimya akitazama nje dirishani, kisha akauliza watu wa huku wanaishije mahali ambapo hakuna maji yanayokwenda. Nikamwambia yapo, nitampeleka. Nikafungua kompyuta kutafuta Jumamosi. Jumamosi zote zilizokuwa wazi kuombwa zilikuwa zimechukuliwa, na Jumapili vilevile. Binamu yangu, ambaye ndiye mwenye gari linalofaa kwa barabara ile, hufanya kazi ghalani usiku siku za kazi, na siku asiyofanya kazi halipwi.

Yeye binamu akaja na shauri. "Kaka," akasema, "rafiki yangu anacho kibali cha Jumamosi na hakitaki. Jina silo letu, lakini nani atatazama? Na wakitazama, tutatoka saa tisa usiku, tufike walinzi hawajaamka. Gari moja, watu wanne, mzee mmoja wa kutia miguu majini. Kijito kitajua?"

Kijito hakitajua. Hilo lazima nilikubali, na sipendi hoja zinazojifanya kutoliona. Gari moja halivunji ukuta wa chokaa. Watu wanne wenye adabu hawaachi chupa. Kama ubaya wa tendo hupimwa kwa madhara yake, na madhara ya tendo hili hayaonekani hata kwa darubini, basi tendo halina ubaya. Ndivyo binamu alivyofikiri, na ndivyo wanavyofikiri watu wengi walio waungwana kuliko mimi.

Mwanafalsafa mmoja wa Kiingereza, Derek Parfit, aliliandikia jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1984. Alisema ni kosa la hesabu kudhani kwamba tendo lisilo na athari inayoonekana haliwezi kuwa baya. Huenda likawa baya kwa sababu ni moja katika fungu la matendo ambayo kwa pamoja yanadhuru. Sisi hatukumhitaji Parfit kutuambia, kwa maana haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakiulizi punje ipi ilikijaza. Lakini methali hiyo hutumiwa kumhimiza mtu aweke akiba; hatuna mazoea ya kuigeuza upande wa pili, kwamba haba na haba humwaga kibaba pia. Wale makumi ya maelfu waliokichafua kijito hawakuwa kundi la wahalifu. Kila mmoja alikuwa gari moja, watu wanne, na mzee wa kutia miguu.

Hata hivyo, hoja hii inanitosha nusu tu. Inaeleza kwa nini lazima kuwe na kikomo. Haielezi kwa nini kikomo kiniangukie mimi na shangazi yangu, badala ya yule aliyekwenda mara tatu mwaka huu na atakwenda ya nne.

Garrett Hardin, aliyeandika mwaka 1968 makala mashuhuri kuhusu balaa la mali ya wote, alitolea mfano hifadhi za taifa za Marekani, akasema bonde ni moja na watu wanaongezeka. Akataja njia za kugawa: kuuza, kupima sifa, kupiga bahati nasibu, au anayetangulia apewe, yaani foleni. Alikiri kwamba kila njia ina karaha yake. Vibali vya kijito chetu ni foleni. Ila ni foleni ya namna mpya, ambayo husimami kwa miguu bali kwa kidole, saa ileile nafasi zinapofunguliwa, ukiwa na kadi ya benki, mtandao usiokatika, na Kiingereza cha kuelewa masharti. Foleni ya kisimani humwona mama mwenye mtoto mgongoni, na mara nyingine watu humpisha. Foleni ya kompyuta haioni mgongo wa mtu. Katika Phoenix wapo watu wengi wazungumzao Kiswahili waliokuja kama wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Nimewauliza baadhi yao kama wamewahi kukiona kijito hiki, na wengi hawajapata kusikia kama kipo. Sidhani kuna mtu aliyekusudia kuwazuia. Mlango umewekwa tu mahali ambapo wao hawapiti.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaoutetea utaratibu wa vibali kana kwamba ni haki tupu. Ni haki yenye kengeza. Ningekuwa na sauti katika jambo hili ningesema fungu la nafasi litolewe kwa kura, na fungu jingine liwekwe kwa ajili ya shule na jumuiya ambazo hazijafika.

Lakini je, kengeza la sheria linanipa ruhusa ya kuikwepa? Hapa nilijikuta nikirudi kwenye jambo dogo nililolelewa nalo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 kuhusu mapori, ambayo inalinda sehemu ya juu ya kijito hiki penye chemchemi, inamweleza binadamu kuwa ni mgeni mahali pale, mtu wa kupita asiyebaki. Neno hilo, mgeni, kwao ni la kisheria. Kwetu lina mwili. Mgeni hupiga hodi. Hupiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipoitikiwa, huondoka, na akiambiwa rudi, hurudi bila kununa. Watu wa pwani wamefundishwa hivyo pamoja na dini yao, na hata asiyesali hufanya. Hodi ina maana kwa sababu jibu linaweza kuwa hapana. Anayepiga hodi huku amekwisha kuingia sebuleni hakupiga hodi, amepiga kelele.

Nikaona kwamba shauri la binamu lilikuwa la namna hiyo. Kosa lake halikuwa katika kuumiza samaki. Lilikuwa katika kutaka ugeni usioweza kukataliwa. Na sina hakika kama mtu aliyejipa mwenyewe karibu huwa ni mgeni.

Nilimweleza shangazi haya yote jikoni, nikitarajia anikubalie upesi, kwa maana yeye ndiye aliyenifunza hodi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni. Kisha akasema kwao kufunga si jambo geni. Pemba kuna vijiji, Kisiwa Panza ni kimojawapo, ambako wavuvi hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na siku ya kufungua ni siku ya furaha. "Lakini, mwanangu," akasema, "wanaofunga kule ndio wanaokula. Ukimkuta mtu ameingia kuvua wakati wa kufunga, unamjua, unamjua na mama yake. Huyu anayefunga hapa, amefunga cha nani? Wenyewe wako wapi?"

Swali lake lina jibu, na si jibu zuri. Korongo lile lilikuwa makazi ya Waapache na Wayavapai. Mwezi Februari 1875 jeshi liliwatoa katika bonde la Verde, watu wapatao 1,500, wakatembezwa katika baridi na mito iliyojaa mpaka San Carlos, mwendo wa kilomita zipatazo 290. Wengi walikufa njiani. Mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi yao walikuwa wameanza kurejea, na Waapache walikuwemo miongoni mwa vibarua waliojenga mitambo ileile iliyokikausha kijito. Leo taifa la Yavapai-Apache lina ardhi ndogo karibu na Camp Verde, na kila Februari watu wake huikumbuka safari hiyo. Pori lile tulilofundishwa kuliita halina mtu lilikuwa limeondolewa watu kwanza. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kulishangaa jambo hilo. Wamasai walitolewa Serengeti mwaka 1959 na watalii wakaambiwa hiyo ndiyo Afrika kama ilivyoumbwa. Samaki wenyeji wa Fossil Creek walihifadhiwa na kurudishwa kwa uangalifu mkubwa. Nalisema hilo bila kejeli, kwa sababu ni kazi njema. Nalisema tu.

Basi nilipiga hodi kwa nani? Nilipobonyeza kitufe cha kuomba kibali, aliyeitikia hakuwa mwenye nyumba. Alikuwa ni mlinzi aliyewekwa na mtu aliyeichukua nyumba.

Hili lilinisumbua siku kadhaa, na lingeweza kuwa udhuru mzuri: kwa kuwa mlinzi si halali, amri yake si kitu, twendeni Jumamosi. Binamu aliisikia hoja hiyo akaipenda. Walakini haisimami. Kama mwenyewe hayupo mlangoni, hilo halinigeuzi mimi kuwa mwenyewe. Nyumba iliyodhulumiwa inadai mgeni awe na adabu zaidi, si pungufu, kwa kuwa waliopita humo bila hodi ni wengi mno tayari. Tena mlinzi, awe amewekwa na nani, katika jambo hili moja analinda kitu ambacho wenyewe nao wangetaka kilindwe: maji yasichafuliwe, chemchemi isikanyagwe. Naweza kuitii amri na papo hapo nikakataa hadithi inayosimuliwa pamoja nayo.

Kuna jambo moja nisilolitatua. Elinor Ostrom, mwanamke aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba jamii nyingi zimeweza kutunza mali ya wote kwa kanuni walizojiwekea, bila serikali wala mnunuzi. Ndio Kisiwa Panza wa shangazi. Lakini mifano hiyo ni ya watu wanaojuana, watakaokutana tena kesho sokoni na msikitini. Fossil Creek hutembelewa na watu waliotoka vitongoji mbalimbali vya mji mkubwa, ambao hawatakutana tena maishani. Aibu, ambayo ndiyo polisi wa kijiji, haina kazi pale. Hapo huenda kompyuta yenye kengeza ndiyo tunayostahili kwa sasa, mpaka tujuane.

Tumepata Jumanne, katikati ya Septemba. Binamu atapoteza ujira wa usiku mmoja; tumekubaliana tutamfidia nusu, nusu nyingine amesema ni sadaka yake kwa shangazi, ingawa alisema kwa uso wa mtu anayehesabu. Njia ndefu ya kushuka kutoka upande wa Strawberry, ya futi zaidi ya 1,000, hatukuifikiria hata kidogo. Magoti ya shangazi hayakuumbwa kwa ajili hiyo. Tutaingia kwa upande wa Camp Verde, kwa barabara ya vumbi, polepole. Maji ya kunywa tunachukua galoni mbili kwa kila mtu, kwa sababu ya kijito hatutayanywa, na kule hakuna duka wala simu inayoshika. Kila takataka itarudi nyumbani ndani ya mfuko. Septemba mvua za huku hazijaisha, kwa hiyo asubuhi ile nitatazama utabiri kabla ya kuwasha gari, na wingu likionekana juu ya milima tutageuza njiani, kibali kikiwa mfukoni.

Nimemwambia shangazi hilo la kugeuza. Ameuliza kama Camp Verde kuna mahali tutakapoweza kuwaona wale watu wa bonde, hata kama kijito kitatukataa. Nimemjibu kwamba taifa lao linayo kumbukumbu yake pale, na kwamba nitapiga simu kwanza kuuliza kama siku hiyo wanapokea wageni.